Nanga ya Placidius wa Igurwa

Baba mdogo Placidius alikuwa mchongaji wa mitumbwi ya pombe. Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme mapema kwamba mtumbwi wa pombe hauendi majini. Ni gogo lililochongwa likawa na tumbo refu, nalo hulazwa nyuma ya nyumba katikati ya migomba. Ndizi zilizoiva humenywa humo, kisha wanaume walioosha miguu huingia na kuzikanyaga pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Huongezwa mtama uliokaangwa, tumbo la mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja kuna rubisi, ndiyo pombe yenyewe. Hapa Igurwa, ukiona mtumbwi wa pombe ulionyooka, usiovuja wala kupinda, mara nyingi ni mkono wake.

Alikuwa mtu mkimya. Salamu aliitikia vizuri, hadi mwisho, lakini baada ya salamu hakuwa na la kuongeza. Mahali penye watu wengi alikaa karibu na mlango. Maneno ya nyumba ile yalisemwa na mkewe, mama mdogo Eustadia, na habari hizi karibu zote nimezipata kwake.

Ziwa lilimwingia mwaka 1949. Mtu wa ng'ambo ya ziwa letu la Rwakajunju alikuwa ameagiza mtumbwi wa pombe, na kuuzungusha kwa nchi kavu kulihitaji wanaume wanane na siku nzima. Placidius akaona heri ausukume majini na kuvuka nao akipiga maji kwa kipande cha ubao. Katikati ya ziwa akamkuta mvuvi mmoja aliyekuwa anafungua mshipi uliojisokota, naye mvuvi akamwomba amshikie mshipi wa pili kwa muda kidogo. Ngege akauma. Basi. Mtumbwi ulimfikia mwenyewe siku mbili baadaye, ukiwa na magamba ya samaki ndani, na ilibidi uoshwe kwa majivu na maji ya moto kabla haujapokea ndizi.

Mwaka uliofuata akachonga wa kwake. Aliutoa katika gogo la mti wa musizi, akauchonga mwembamba kuliko ile ya pombe, akauchongoa mbele na nyuma ili upasue maji. Kila Jumamosi, akishapalilia sehemu yake, alishuka bondeni kuvua. Hakuuza samaki hata mmoja. Alileta wanne au watano, wengine akawagawia majirani, na hilo ndilo lililowashangaza watu. Mvuvi anayeuza walimwelewa. Mwenye migomba na kahawa yake, anayeshinda juu ya maji kwa kupenda tu, hawakumwelewa. Walipomwona anateremka na kafi begani walimwuliza kama pombe ya leo ni ya maji matupu, au kama amekosa watu wa kumkanyagia ndizi hata anawafuata viboko. Yeye alitabasamu na kuendelea na njia.

Shida yake ilikuwa upepo. Asubuhi ziwa lile hulala kimya, lakini kufika saa nne upepo hushuka kutoka vilimani na kuanza kusukuma. Samaki wazuri walikuwa kwenye kina, mbali na mafunjo, na huko mtu hawezi kuvua huku anapiga kafi. Anataka kukaa mahali pamoja. Placidius akatafuta jiwe zuri, akalifunga kwa kamba, akawa na nanga.

Sasa hapa ndipo alipofanya kosa la mtu wa migomba. Sisi mkungu ukikomaa na mgomba ukaanza kuinama, tunakata mti wenye panda na kuuegemeza. Mti huo hupimwa sawasawa. Ukiwa mfupi hausaidii, ukiwa mrefu unausukuma mgomba upande wa pili. Placidius alikuwa ameegemeza migomba tangu utoto. Alishusha uzi wenye kijiwe mpaka chini, akapata kina cha pima nne, akapanda nyumbani na kukata kamba ya pima nne kamili, na ziada kidogo ya kufungia. Kamba yenyewe aliisuka kwa magome ya migomba, kwa sababu kwetu kila kitu hufungwa kwa hayo, kuanzia kuni mpaka paa la nyumba. Tena aliifunga katikati ya mtumbwi, pale alipokaa, ili aione.

Jumamosi ya kwanza jiwe lilikaa chini mpaka saa nne. Kila wimbi lilipoinua mtumbwi, kamba ilikaza na kuinua jiwe, na jiwe likawa linarukaruka chini ya ziwa mpaka likafika ng'ambo pamoja na mwenyewe. Alirudi kwa miguu jioni, mtumbwi akaufuata asubuhi nyingine ziwa likiwa limetulia. Akaona kwamba jiwe ni dogo, akatafuta kubwa. Kamba ile ile ilikuwa imeshinda wiki nzima katika maji ya ndani ya mtumbwi, imeoza, ikakatika, na jiwe kubwa likaenda zake chini mara moja. Akarudi tena kwa miguu. Mara ya tatu alisuka kamba mpya, nene kama mkono, yenye urefu ule ule wa pima nne. Safari hii jiwe halikuinuka kwa urahisi, ila mtumbwi uliofungwa ubavuni uligeuka ukapokea mawimbi kwa upande, ukajaa maji mpaka kiunoni mwake. Ilimbidi akate kamba mwenyewe ili asizame.

Mara hiyo ya tatu ndiyo iliyoharibu. Jumapili yake alitakiwa kusimama kanisani kama baba wa ubatizo wa mtoto wa Kahigi, mhunzi wa kijijini kwetu. Usiku ulimkuta ng'ambo, akalala kwa watu, na alipofika kigangoni, amebeba kafi na suruali imekauka na matope, watu walikuwa wanatoka. Katekista ndiye aliyesimama mahali pake. Kahigi hakumsalimu.

Mama mdogo Eustadia hakupiga kelele. Alimpa chakula, akangoja amalize kula, ndipo akasema.

"Baba Adelgunda, nimefikiri. Mtumbwi wa pombe wa baba umepasuka, na Joviana anaolewa baada ya Pasaka. Wiki tano hazitoshi gogo jipya kukatwa, kuchongwa na kukauka. Wako umekauka tayari. Kata zile pua zake mbili, uzibe, uoshe vizuri, tumpelekee baba akanyagie ndizi."

Joviana alikuwa mdogo wake Eustadia, na baba yao, mzee Rwegasira wa Chonyonyo, alikuwa mtu wa wageni wengi. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa na maana, na hilo lilimwumiza Placidius zaidi. Akamwomba mkewe Jumamosi moja, moja tu.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kukaa mahali pamoja."

Eustadia akacheka bila kutaka. Wakakubaliana hivi. Angempa wiki mbili za kujiandaa. Jumamosi ya pili atie nanga asubuhi mahali anapopenda, akae hapo hapo mpaka kengele ya saa sita ya kigangoni, kisha arudi kwa kafi lake pale pale alipoondokea. Akiweza, mtumbwi ubaki ziwani. Akiletwa na miguu, uende Chonyonyo.

Placidius hakuwa mtu wa kuomba ushauri. Mama mdogo alisema alimwona anazunguka nyuma ya nyumba siku tatu kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Siku ya nne akaenda Nyaishozi, ambako Methodius, karani kutoka Muleba, alikuwa anapima kahawa ya wakulima. Alikuwa Mluteri, kijana wa kuvaa viatu hata siku za kazi, na inasemekana alikulia kwenye visiwa vya ziwa kubwa. Placidius hakuwa na kahawa ya kupima siku ile. Alisimama kwenye mstari hata hivyo, mpaka zamu yake ikafika akiwa mikono mitupu.

Methodius akamwuliza gunia liko wapi. Ikabidi aseme, na watu wote nyuma yake wanasikia. Karani aliweka kalamu sikioni akamsikiliza mpaka mwisho, hadi habari ya ubatizo, na hapo watu wa mstarini wakashindwa kujizuia. Methodius peke yake hakucheka. Alimwuliza swali moja tu.

"Kina ni pima nne. Na kamba?"

"Pima nne."

"Ndugu yangu, umeegemeza mgomba."

Hapo naye akacheka. Kisha akachukua uzi wa kushonea magunia, akaufunga kwenye kijiti, akaonyesha juu ya meza mbele ya kila mtu. Kamba inayosimama wima, alisema, inalivuta jiwe juu, na lolote linalovutwa juu huinuka. Kamba ndefu hulala. Ikilala, upepo unaivuta nanga kwa upande, na nanga yenye makucha ikivutwa kwa upande hujichimbia. Kwa kina cha pima nne asikubali kamba iliyo chini ya pima kumi na sita, na ishirini ni bora. Iwe ya katani. Na aifunge kwenye pua ya mtumbwi, si ubavuni, ili mtumbwi uangalie upepo kama ng'ombe anavyoangalia mvua.

"Ng'ombe hugeuza mgongo kwenye mvua," akasema mzee mmoja mstarini.

"Basi kama karani anavyomwangalia bosi," akajibu Methodius, na kazi ya kupima ikaendelea.

Kilichobaki kilikuwa makucha, na makucha yalimaanisha kwenda kwa Kahigi. Placidius alikwenda na majembe matatu yaliyokwisha kulika mpaka kwenye shingo, na jogoo mmoja kwa ajili ya mtoto aliyebatizwa bila yeye. Kahigi alipokea jogoo, akayatazama majembe, akauliza kama hayo nayo yalitaka kubatizwa. Placidius akachora chini kwa kidole alichotaka: mti wa chuma katikati, na makucha manne yaliyopinda kwenda juu. Mhunzi alivukuta moto muda mrefu. Alipoanza kugonga ndipo akasema, huku amempa mgongo.

"Sikufanyii wewe. Nawafanyia watoto watakaobatizwa mwaka huu. Nisije nikasikia tena mtu amekosa mzazi wa kanisani kwa sababu ya upepo."

Nanga ilitoka nzito kidogo kuliko mtungi wa maji uliojaa nusu. Kahigi aliiongezea chuma chake mwenyewe na pete nene ya kufungia kamba, jambo ambalo hakuombwa.

Placidius alitumia siku zilizobaki kuuweka mtumbwi sawa. Alinunua kamba ya katani Nyaishozi, pima kumi na nane, akaivuta na kuilowesha na kuivuta tena mpaka ikaacha kujisokota. Mama mdogo alisema jambo lililomshinda mumewe ni kuikubali kamba yote ile. Kila jioni aliitandaza uani, anaitazama kama mtu aliyekata kitambaa kikazidi, na mara mbili alimkuta ameshika kisu. Alitoboa tundu kwenye pua ya mtumbwi, akapitisha kamba na kuizungushia kipande cha ngozi ili isilike. Akaweka kafi la pili chini ya miguu. Akakata kibuyu cha kuchotea maji yaingiayo, akakifunga kwa uzi kisije kikaelea na kwenda zake. Mishipi mitatu aliizungusha kila mmoja kwenye kijiti chake, ndoana zimechomekwa kwenye kipande cha funjo zisije zikamchoma mtu, na minyoo ya chambo ikawekwa katika udongo ndani ya jani la mgomba. Nanga ililala mbele, kamba imekunjwa duara juu yake ili ishuke bila kushika mguu. Hilo la mguu lilikuwa onyo la Methodius. Mjomba wake aliwahi kuvutwa majini na kamba ya namna hiyo.

Jumamosi ilipofika, Eustadia naye alijifunga kanga na kuchukua kikapu. Placidius akamwuliza anakwenda wapi.

"Ziwani. Nani ataniambia kama ulikaa mahali pamoja? Samaki?"

Hakuwahi kuingia katika mtumbwi wenye maji nje badala ya ndizi ndani. Alikaa chini kabisa, mikono kwenye kingo zote mbili, na akasali tasbihi mpaka waliposimama. Placidius alipiga kafi hadi kwenye kina, akageuza pua upande wa vilima, akashusha nanga polepole kwa mkono, hakuitupa. Aliachia kamba yote, huku anapiga kafi kinyumenyume. Mtumbwi ukarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka Eustadia akauliza kama ndiyo safari ya Jumamosi zile imeanza. Kisha ukasita kwa mshtuko mdogo, ukasimama.

Waliweka alama ufukweni: mti mmoja mkubwa ukiwa sawa na kona ya shamba la watu. Saa nne upepo ukashuka. Mtumbwi uliyumba kushoto, ukayumba kulia, ukapanda na kushuka, lakini kila mara ulirudi kuangalia vilima, na mti ule haukuacha kona ya shamba. Eustadia aliutazama mti kuliko alivyomtazama mumewe. Kufika saa tano aliachilia kingo. Baadaye akaomba mshipi, kwa sababu, alisema, kukaa bure hakujazoeleka kwao. Alipata ngege wawili kabla mumewe hajapata mmoja, kisha akapata kambare aliyempiga Placidius mkia kifuani, na hapo wakacheka wote wawili mpaka ikabidi washike kibuyu na kumwaga maji.

Kengele ya saa sita ikaja juu ya maji, hafifu. Eustadia akafanya ishara ya msalaba. Placidius akaenda mbele kupandisha nanga.

Haikupanda. Alivuta kamba mpaka ikasimama wima chini ya pua, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na kilichopanda ni nyuma ya mtumbwi. Alijaribu tena. Maji yakaingia mbele. Makucha ya Kahigi yalikuwa yameshika kitu chini kule, shina la mti uliozama au mizizi ya mafunjo ya zamani, nayo hayakuwa na nia ya kuachia. Alikaa chini, jasho linamtoka, akatoa kisu. Akisharudi bila nanga, Jumamosi ijayo angekuwa mtu wa upepo tena, na kila mmoja wao alilijua hilo.

"Nikikata tutarudi," akasema. "Ahadi ilikuwa kurudi."

"Usikate."

"Nitafanyaje, Mama Adelgunda?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye nanga. Shoka likikukwama kwenye gogo unakata mpini?"

Mama mdogo alisema aliona uso wake unabadilika. Shoka lililokwama mchongaji halivuti kwa upande lilikoelekea. Hulirudisha lilikotoka. Nanga ile iliingia kwa kuvutwa na upepo, mtumbwi ukiwa chini ya upepo. Basi ilitakiwa ivutwe kutoka upande wa pili, upande wa vilima. Lakini mtu mmoja hawezi kupiga kafi kupita juu ya nanga dhidi ya upepo na huku ameshika kamba. Placidius akalitazama lile kafi la pili, akamtazama mkewe.

"Unashika juu hapa na katikati hapa," akamwambia. "Unavuta maji kama unavyovuta magugu kwa jembe."

Eustadia alipiga maji. Alilowa, akamlowesha mumewe, akaupeleka mtumbwi kushoto, akaambiwa kulia, akajibu kwamba anajua kulia kulivyo. Polepole pua ikapita pale kamba iliposhukia. Placidius aliizungushia mbele mara moja ili ikaze, akamwambia aongeze. Wakaenda pima mbili, pima tatu. Kamba ikalia. Halafu mtumbwi ukaruka mbele ghafla, Eustadia akakaa chini kwa kishindo juu ya kambare, na nanga ikapanda imevaa matope meusi na kipande cha mzizi chenye ukubwa wa kiganja.

Walirudi kwa makafi mawili. Ufukweni, pale pale walipoondokea, kulikuwa na wanaume wanne wameketi juu ya miti mirefu ya kubebea, wanachoma mahindi. Walikuwa wametoka Chonyonyo tangu alfajiri. Placidius aliwaona akaacha kupiga maji.

"Hao wametoka wapi?"

"Ni mimi," akasema Eustadia. "Nilimtumia baba habari siku tatu zilizopita. Sikudhani utaweza."

Wanaume wakasimama, wakashika miti yao, wakasalimia kwa heshima inayompasa mkwe. Mkubwa wao alisema mzee anashukuru sana, na wameagizwa wauchukue mtumbwi leo hii. Placidius akamtazama mkewe. Eustadia alishuka majini mpaka magotini, kanga inachuruzika, mkono mmoja ungali umeshika kafi.

"Mwambieni baba mtumbwi huu haupatikani. Una kazi Jumamosi."

"Kazi gani, shangazi?"

"Kukaa mahali pamoja. Na mwambieni mkwewe atakuja keshokutwa na tezo na nta, autazame ule uliopasuka."

Waliwapa kambare, ili wasirudi mikono mitupu, na wakapanda kilima wakiwa na miti yao mitupu begani na kambare akining'inia kwenye mmojawapo. Mzee Rwegasira alinuna siku mbili. Siku ya tatu Placidius alikuwa kwake, amelala chini ya mtumbwi wa pombe, anajaza ufa kwa nta na vipande vya nguo ya gome la mti, na harusi ya Joviana ilinyweshwa kutoka humo bila tone kupotea.

Alivua Jumamosi zake miaka mingi baada ya hapo. Lakini wiki ile ile ya nanga, alipotoka Chonyonyo, kabla hajafanya lingine lolote, alichukua ubao na kuupachika mtumbwini, ukawa wa pili wa kukalia, wa mkewe.